Sweta la Babu Nililoligawa Ugenini

Belo la masweta likifunguliwa, usiinamie mara moja. Subiri pumzi yake ya kwanza itoke. Pale Bunda siku ya mnada utawaona wanunuzi wageni wakiingiza mikono kabla mikanda haijakatwa yote, wanaishia kupiga chafya na kung'ang'ania lile sweta la juu, ambalo mara nyingi limewekwa juu ili ling'ang'aniwe. Aliyezoea husimama hatua mbili nyuma, akaacha vumbi litue, kisha akaangalia viwiko. Kola inaweza kukudanganya na vifungo vinaweza kubadilishwa, lakini kiwiko hakijui kuficha.

Hayo alinifundisha Babu, baba yake mama yangu, nikiwa bado mdogo kiasi cha kubebwa begani nisikanyagwe na ng'ombe wa mnadani. Mwezi uliopita niliyakumbuka nikiwa nimesimama hapo hapo Bunda, namtafutia mwanangu sweta la shule. Mwenye belo alikata mkanda wa mwisho, mzigo ukajiachia kama mtu aliyefungua mkanda baada ya kula, na harufu ikanifikia: vile vidonge vyeupe vya kabatini, sufu iliyokaa gizani muda mrefu, na kwa mbali unyevu wa mvua ya mahali pengine.

"Mama, chagua basi, mbona unaununia mzigo wangu?" akasema.

Sikuwa nimenuna. Nilikuwa nimekwenda mbali kidogo. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa juu ya kanga chini ya mti usio na jani hata moja, nikipokea rambirambi za Wajerumani.

Naomba nieleze taratibu, maana kila ninayemsimulia hucheka kabla ya wakati. Na Mama, ambaye sasa anakaa Butiama, anakisimulia kisa hiki tofauti kidogo, kwa hiyo ukikutana naye msikilize na yeye.

Baba alipata nafasi ya kwenda kusomea mambo ya maji Ujerumani, miaka miwili, na akaruhusiwa kwenda na familia. Familia ilikuwa ni Mama na mimi. Wakati huo tulikuwa tumepanga vyumba viwili Nyasho, mtaa wa pale Musoma, na wiki ya kuondoka nyumba ilijaa watu wa kuaga. Babu aliteremka kutoka Butiama akiwa amevaa sweta lake la kahawia lenye mstari wa kijani kifuani, alilolinunua mnadani Bunda miaka mingi nyuma baada ya kuzunguka belo tatu. Jua la Musoma lilikuwa kali, lakini alikuwa amelivaa. Alipomaliza chai alisimama, akalivua, akamkabidhi Mama.

"Vaa wewe. Nasikia huko kuna baridi inayokataga masikio."

"Baba, na wewe utavaa nini?"

"Butiama kuna moto," akasema Babu. "Huko sijui kama watawaruhusu kuwasha."

Mama alicheka, akalipokea. Hakulivaa hata siku moja. Alilikunja, akaliweka ndani ya mfuko wa nailoni, akaufunga mdomo, na kila baada ya siku kadhaa kule ugenini nilimwona akiufungua mfuko ule kidogo tu, anaingiza pua, anafunga. Sweta lilinuka moshi wa kuni, ugoro, na zizi. Nami nilikuwa naruhusiwa kunusa mara moja moja, lakini kwa haraka, kwa sababu Mama aliamini kila tunaponusa tunapunguza.

Mji tuliofikia ulikuwa mdogo, una mto katikati. Kila Jumamosi, ng'ambo ya bustani iliyotazamana na dirisha letu la ghorofa ya pili, palikuwa na soko la vitu vya zamani. Mtu mzima akiliona anajua ni soko. Mimi nililiona kwa macho ya Nyasho na Butiama, na kwa macho hayo halikuwa soko hata kidogo. Soko linapiga kelele. Soko la Nyasho unalisikia kabla hujaliona: mwenye dagaa anamtania mwenye nyanya, mwenye mitumba anaimba bei, mtoto anachapwa, redio mbili zinashindana. Hapa wazee walikuwa wamekaa kimya kwenye viti vya kukunja, makoti yamewafika shingoni. Mbele yao walikuwa wametandika vitambaa, na juu ya vitambaa wamepanga viatu vya kiume vilivyoliwa visigino, miwani, sahani zisizofanana, kofia, fimbo ya kutembelea, picha za watu zilizo kwenye fremu. Nani anauza picha ya baba yake?

Watu walipita polepole. Waliinama, wakashika kitu kwa adabu, wakanong'ona na mwenye kitambaa, wakamwachia pesa mkononi, wakaondoka na kitu kimoja.

Mimi nilikuwa nimeshayaona mambo hayo. Mwaka mmoja kabla ya safari, jirani yake Babu, bibi mmoja mzee, alifariki, na sisi tulikaa Butiama mpaka siku ya kugawa. Kwenye ukoo wetu, mazishi yakishapita, vitu vya marehemu vinatandikwa juu ya mkeka uani. Vyote, mpaka kijiko. Watu wanakaa kimya. Mmoja wa wazee anainua kitu, analitaja jina la marehemu, kisha anamkabidhi mtu: "Hiki kilikuwa cha fulani. Sasa mwenye nacho ni wewe." Anayepokea ananyoosha mikono miwili. Na wanaokuja kutoa pole wanaacha chochote kwenye sahani.

Kwa hiyo sikuuliza. Mtoto haulizi kitu kilicho wazi. Nilichoshangaa ni wingi wa vifo. Kila Jumamosi, misiba arobaini au hamsini katika mji mdogo vile. Nikawa nikipita na Mama, ambaye alipenda kutafuta vikombe na sufuria pale, nawapa wafiwa mkono mmoja mmoja na kuwaambia pole, kwa Kiswahili, maana lugha yao ilikuwa bado hainikai. Walitabasamu. Bibi mmoja mwenye kitambaa cha vikombe alinipa kifungo cha shaba. Mama akafikiri ana mtoto mwenye adabu.

Na kulikuwa na mtaa wa katikati ya mji, ule usioruhusu magari. Huo nao niliuelewa upesi. Nyasho, njia ikifungwa magari yasipite na muziki ukasikika, ujue kuna harusi. Pale njia ilikuwa imefungwa kwa nguzo fupi za chuma, maduka yanang'aa pande zote mbili, watu wamependeza, wanatembea huku wanakula, mmoja anapiga filimbi, mwingine gitaa. Harusi ya kila siku. Sikuwahi kumwona bibi harusi, nikajipa moyo kwamba tunachelewa kufika. Ndivyo nilivyoupanga mji ule kichwani: ng'ambo ya bustani wanalia, mtaa wa kati wanaoana. Nilikuwa na amani nao kabisa.

Kisha Babu akafa.

Habari ilikuja kupitia kwa Mjomba Magesa, kaka yake Mama, mwenye duka la vipuri vya baiskeli Bunda. Yeye peke yake katika ukoo ndiye aliyekuwa na simu ya mkononi. Sisi tulikuwa tunapiga kwa kadi ya kukwangua kwenye duka la Mturuki mmoja lenye vibanda sita vya mbao, kila kibanda na simu yake. Mama aliingia kibandani akiwa anacheka. Alitoka hacheki. Nauli ya kwenda kuzika haikuwepo. Baba alikwenda chuoni kuulizia, akarudi, akavua viatu mlangoni akakaa navyo mkononi, na sote tukajua.

Wewe uliyekulia kwetu unajua ingekuwaje Nyasho. Kabla ya saa sita mchana uani kungekuwa na mikeka, masufuria makubwa ya kuazima, wanawake wangekuwa wameshaleta kuni na unga wa udaga wa muhogo, na Mama angekuwa katikati yao, amelazwa, ameegemezwa, hana nafasi hata ya kushika kikombe mwenyewe. Kule ugenini mlango wetu haukugongwa. Siku ya tatu uligongwa, nikakimbia kuufungua nikijua sasa wamekuja. Alikuwa mtu wa posta, ana kifurushi cha jirani.

Mama hakulia. Alipika, akafua, akakaa. Alikaa sana. Ukimwita alikuja kutoka mbali. Na nilivyokuwa namtazama niligundua kosa letu liko wapi. Watu watajuaje kama tumefiwa? Hatujatandika kitambaa.

Jumamosi iliyofuata Baba alikuwa chuoni na Mama alikuwa amelala kitandani ametazama ukuta. Nilichukua kanga yake moja na ule mfuko wa nailoni. Nikashuka ngazi, nikavuka bustani, nikatandika kanga yangu pembeni ya yule bibi wa vikombe. Katikati nikaliweka sweta la Babu, limekunjwa vizuri, mstari wa kijani ukiwa juu. Nikakaa chini nimenyoosha miguu kama wanawake wanavyokaa kilioni, nikafunga kichwa kwa shali.

Watu wakaja. Siwezi kukueleza furaha yangu. Waliinama, wakaniambia maneno laini, wengine wakanishika shavu. Kila mmoja nilimjibu, "Tumeshapoa, asante." Bibi wa vikombe alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake. Akasema mambo mengi, akawa anatazama huku na huku kama anatafuta mwenye mtoto.

Kisha akaja kijana mmoja mrefu, mwembamba, amebeba sanduku kubwa jeusi mgongoni. Alikuwa amevaa kijikoti kilichochoka na meno yalikuwa yanagongana. Alilishika sweta, akalipima kifuani, akaniuliza kitu. Mimi nikaona huyu ndiye wa kupokea. Nikaitikia kwa kichwa. Akaniwekea sarafu kubwa kiganjani, akavua kijikoti, akalivaa sweta pale pale, akaondoka. Sikukumbuka kutaja jina la Babu. Nilisahau hilo tu, nikaona ni dogo.

Nikakunja kanga, nikarudi nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyemaliza kazi ngumu. Mama alikuwa ameamka, amesimama mlangoni.

"Nyangeta, ulikuwa wapi?"

"Kwenye kilio."

"Kilio cha nani?"

"Cha Babu. Watu wamekuja, Mama. Wengi. Na mmoja ametoa rambirambi." Nikamfungulia kiganja.

Aliitazama ile sarafu. "Nani kakupa?"

"Kaka mmoja. Nimemgawia sweta."

"Sweta gani?"

Nilimshangaa. Tulikuwa na sweta moja tu la kugawa. "La Babu."

Sijasahau alivyoshuka zile ngazi. Alitoka na ndala katika baridi ile, hana koti, akavuka bustani anakimbia, mimi nyuma yake. Alikimbia kitambaa hadi kitambaa akionyesha kifua chake kwa vidole, mstari, mstari, kwa sababu hakuwa na maneno. Bibi wa vikombe alionyesha upande wa mto. Kando ya mto palikuwa na bata tu.

Jioni ile Mama aliniketisha kwenye kiti cha jikoni. Hakunichapa. Ninamshukuru mpaka leo, kwa sababu ningechapwa ningeyakumbuka maumivu na nisingeyakumbuka maneno.

"Wale hawajafiwa," akaniambia. "Wale wanauza. Wamechoka na vitu vyao, au wanahama, au wamefiwa kweli, sijui, lakini pale wanauza. Unanielewa?"

"Ndiyo."

"Cha marehemu hakiuzwagi. Kinatolewa, kwa mkono wa mtu aliyemjua, na jina linatajwa. Ukikiuza unakuwa umemuuza yeye."

Nikaanza kulia. Nilikuwa nimemuuza Babu kwa sarafu moja.

"Nyamaza. Hukujua, na asiyejua hakosi. Sasa tutalitafuta."

Baba, ambaye alikuwa mtu wa mzaha hata pasipostahili, alisema kwa upole, "Labda limerudi kwao. Si lilitoka huku huku, kwenye belo?" Mama aliinuka. Alikwenda chumbani akafunga mlango, na Baba akabaki anaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Siku chache baadaye tulikuwa kwa Mturuki tena, wote wawili tumebanana kibandani, na sauti ya Mjomba Magesa ilikuwa inasikika hata nje ya mkono wa simu.

"Wazee wameshamaliza, dada. Kila kitu kimepata mtu, mpaka kile kibuyu chake kilichopasuka. Limebaki sweta. Si unalo?"

Mama alinishika mkono. "Ninalo."

"Basi Mzee alilitoa kwako mwenyewe, wewe ndiye wa kusema linakwenda kwa nani. Sema tufunge."

"Bado nafikiria, Magesa."

"Fikiria haraka. Si unajua Mama hatoki nje mpaka kugawa kufungwe. Yuko ndani tu. Mvua zinakaribia, na yule unamjuaga, akikosa kushika jembe atatuugulia."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu lilikuwa na miguu mirefu, limevuka bahari, limekwenda kumfungia Bibi, mke wa Babu, mlango kule Butiama. Nyumbani Baba alishauri Mama aseme tu kwamba amelichukua yeye, yaishe. "Nani atajua?"

"Mimi," Mama akasema. "Siwezi kumtaja mtu wa kitu ambacho sijui kiko mwilini mwa nani."

Tukaanza kutafuta. Jumamosi asubuhi kwenye soko la vitambaa, siku nyingine mchana, nikitoka shule, kwenye mtaa usio na magari. Mama alinivalisha kofia mbili, tukawa tunatembea kutoka nguzo za mwanzo hadi nguzo za mwisho, tunageuka, tunarudi. Nilikuwa natazama vifua tu. Nilijifunza makoti yote ya mji ule. Jambo la ajabu ni kwamba Mama, aliyekuwa anakaa ndani ametazama ukuta, sasa alikuwa anatoka kila siku. Alijifunza kusema "kahawia" na "kijani" na "kijana mrefu" kwa lugha yao. Bibi wa vikombe akawa anatuwekea kiti. Siku moja Mama alibishana naye bei ya birika mpaka wote wawili wakacheka, na nilipousikia ule mcheko niliganda, maana nilikuwa nimeusahau.

Baridi ikazidi. Kila wiki Mjomba aliuliza, kila wiki Mama alisema bado anafikiria, na kila aliposema hivyo alitoka kibandani amezeeka kidogo.

Tulimpata siku ambayo hata hatukuwa tunatafuta. Tulikuwa tunapita mtaa wa kati kwenda kununua viatu vyangu vya baridi. Muziki ulikuwa unatoka mbele ya duka la mikate. Kijana alikuwa amekaa juu ya lile sanduku jeusi, anavuta na kusukuma akodiani, kile kinanda cha mkononi, na kila akiivuta, mstari wa kijani ulionekana kifuani pake.

"Mama," nikasema. "Yule."

Nilifikiri atamrukia. Alisimama. Alisubiri mpaka wimbo ukaisha, kwa sababu Mama hawezi kumkatiza mtu aliye kazini, akasogea, akaniweka mbele yake kwa kunishika mabega.

"Mwambie sweta hilo lilikuwa la baba yangu."

Lugha yao ilikuwa imeshaanza kunikaa, kuliko Mama, kuliko hata Baba. Nikamwambia. Kijana alinitazama, akanikumbuka, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka.

"Anasema alilinunua. Anasema alinipa pesa."

"Mwambie najua. Hana kosa. Mwambie baba yangu amekufa, na wewe ulidhani pale pana msiba."

Ningeweza kutafsiri nusu. Mama asingejua. Lakini mikono yake ilikuwa mabegani mwangu, nikasema yote: kwamba nilidhani wote wanaokaa pale wamefiwa, na kwamba nilikwenda kukaa nao ili watu waje kumpa Mama pole, kwa kuwa nyumbani hakuja mtu. Kijana aliweka akodiani chini. Akaongea nami polepole.

"Anasema yeye alikuja pale kwa sababu ya baridi tu," nikamwambia Mama. "Anasema hakujua kama alitakiwa kusema pole."

Kabla sijamaliza alikuwa amesimama, analivua. Chini yake alikuwa na shati jembamba la mikono mifupi. Akampa Mama.

Mama alilipeleka usoni. Katikati ya mtaa, watu wakipita na mifuko yao, alilibana usoni kwa mikono miwili akakaa hivyo. Nilihesabu watu wenye kofia nyekundu mpaka nikafika watano. Alipolishusha macho yalikuwa makavu.

"Hayupo," akaniambia. "Linanuka sigara na sabuni."

Nikajua tumechelewa, nikaanza kulia tena, lakini Mama hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama yule kijana aliyejikumbatia, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa. Alimtazama kwa muda. Kisha akafungua pindo la kanga aliyokuwa amejifunga ndani ya koti, akatoa ile sarafu. Hakuwa ameitumia.

"Mwambie achukue kwanza pesa yake."

Kijana alikataa. Mama akaishikilia pale pale mpaka akaipokea.

"Sasa mwambie anyooshe mikono. Yote miwili."

Akainyoosha. Mama alilikunja sweta juu ya mkono wake mwenyewe, mstari juu, akaliweka kwenye mikono ile, akasema kwa Kizanaki, na kisha kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Hili lilikuwa la Wambura. Sasa mwenye nalo ni wewe."

"Amesema nini?" kijana akaniuliza.

"Ni lako," nikamwambia. "Sasa ni lako kweli. Na lazima useme jina."

Alisema. Lilimtoka vibaya. Mama akamrudishia, akasema tena, Mama akamrudishia tena, na mara ya tatu likakaa sawasawa. Kisha Mama akamwonyesha kwa mikono kwamba avae upesi.

Viatu vyangu hatukununua siku ile. Tulikwenda moja kwa moja kwa Mturuki.

"Magesa. Sweta limepata mtu."

"Haya, tuambie. Nani?"

"Kijana mmoja."

"Wa kwa nani?"

Mama akanitazama. "Wa huku huku."

Nilisikia kengele ya baiskeli ikilia dukani kwa Mjomba, mtu akiijaribu.

"Mzungu?"

"Mzungu."

"Dada yangu. Umempa Mzungu sweta la Mzee."

"Alikuwa anatetemeka, Magesa."

"Wazee nitawaambia nini? Ukoo gani huyo?"

"Waambie anapiga kinanda."

 Kadi yetu ilikuwa inakwisha, nilikuwa naziona namba zikipungua kwenye kioo cha simu.

"Ulimpa kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Jina?"

"Amelisema mwenyewe mara tatu."

"Linamtosha?"

"Mikono mifupi kidogo. Inamwishia hapa." Mama akajionyesha juu ya kifundo cha mkono, kana kwamba Mjomba anamwona.

"Hata Mzee ilimwishiaga hapo hapo," Mjomba akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Basi. Kesho asubuhi napanda Butiama. Nitamwambia Mama atoke nje, mvua imeshaanza."

Simu ikakatika. Mama aliirudisha mahali pake, na kabla hajaufungua mlango wa kibanda alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu tuondoke Musoma, kilio cha nyumbani, kile cha wazi, cha kumwita marehemu kwa jina. Kwenye vibanda vingine watu walinyamaza. Mama mmoja Msomali aliweka simu chini akatoka. Akatoka pia mzee mwenye ndevu, na msichana aliyekuwa anaongea lugha nisiyoijua. Mturuki aliacha kaunta yake, akaja na chai katika kigilasi kidogo. Hakuna aliyeuliza kitu. Walisogea, wakamshika Mama, wakamkalisha, wakakaa naye, nami nikazunguka duka zima nikiwatafutia viti.